Waliosoma Barua Zangu

Tumsifu Yesu Kristo. Asanteni kwa kuitikia. Mama mwenyekiti wa jumuiya ameniomba nizungumze kwa upole. Nimemwambia nitajitahidi, lakini sikumwahidi, maana jambo lenyewe bado linanichoma.

Wengi wenu hapa Mshangano mnanijua kama mwalimu wa shule ya msingi. Wakati ule vyuo vya binafsi vimeruhusiwa, kimoja kikafungua tawi hapa Songea, nami nikasema nikasome shahada. Mtu mzima, mama wa watoto, nakaa benchi moja na vijana wanaonipa shikamoo. Chuo kilijivunia sana kompyuta zake. Kazi zetu tuliwatumia walimu humo, na humo humo tuliandikiana barua sisi kwa sisi. Kila mmoja alipewa neno la siri, tukakatazwa kumwonyesha mtu yeyote, hata mume. Nami kwa ujinga wangu mume sikumwonyesha.

Darasani nilikuwa na rafiki, mama mwenzangu, Mhehe wa Iringa. Mngoni na Mhehe wakikutana mnajua wenyewe, ni utani tangu asubuhi. Siku moja akala mihogo yangu niliyoiacha kwenye mkoba. Nikakaa kwenye kompyuta nikamwandikia: siku zako zimekwisha, Jumamosi nakuja kukumaliza, kaburi nimeshachimba nyuma ya nyumba. Akanijibu nilipanue, maana mihogo yangu imemnenepesha. Tukacheka, yakaisha.

Baada ya siku chache naitwa ofisini. Nakuta mkuu wa chuo, walimu wawili na fundi wa kompyuta, wote wanaume, wote wageni huku kwetu. Kumbe, ndugu zangu, kila tulichoandika yule fundi alikuwa anakisoma. Barua yangu ilikuwa mezani, imechapwa vizuri. Wakaniuliza kwa nini nataka kumwua mwanafunzi mwenzangu. Nikawaeleza habari za utani, wakaona naleta visingizio.

Hilo ningelivumilia. Lakini fundi akasema zipo barua nyingine zinazoonyesha akili yangu haiko sawa, akaanza kuzisoma. Mjue kwamba muhula ule mimba iliniharibikia. Sikumwambia mtu ila yule rafiki, na nilimwambia kwa kumwandikia kwa sababu mdomo ulikataa. Niliandika nilivyofua mashuka peke yangu ili watoto wasione damu, na kwamba kuna siku natamani nilale nisiamke. Yule bwana aliyasoma yote kwa sauti, kama anasoma taarifa ya habari. Hakuna aliyemwambia ishia hapo. Nimewahi kupigwa, nimewahi kutukanwa sokoni, lakini kuvuliwa nguo namna ile, sijawahi.

Wakanisimamisha masomo. Kufika kwa ndugu zangu Ruhuwiko nakuta habari imeshatangulia, eti mwalimu fulani kachanganyikiwa, anataka kuua watu. Na la mimba nalo lilikuwa limetoka. Mama mkwe alilisikia bombani, akaja kuniuliza kama niliitoa. Nikaacha kuja jumuiyani. Mlikuja mkagonga, sikufungua. Nikaingia kwenye ulevi wa ulanzi, msijifanye hamkuniona.

Aliyeniinua ni yule yule niliyedaiwa kutaka kumwua. Alishughulikia rufaa, akaja nyumbani akanitoa kwa kunivuta mkono. Siku ya kikao cha baraza la chuo, kabla hatujaingia, akafanya wanachofanya watani msibani. Alijipaka majivu usoni, akajilaza chini mlangoni pa mkuu wa chuo, akaanza kuomboleza. "Mngoni wangu mmemwua ninyi," akasema. "Hapiti mtu hapa mpaka mtoe chochote, nimzike."

Mjumbe mmoja wa baraza, mzee wa hapa hapa Songea, alishindwa kujizuia, akacheka hadi machozi. Ndiye aliyewaeleza wenzake utani ni nini. Maneno yangu yale yale, ila sasa yametoka kwa mzee mwanamume, wakayaelewa. Shitaka likafutwa palepale.

Mkuu wa chuo akatabasamu, akasema tusahau yaliyopita, nirudi darasani. Nawaambia, lile tabasamu ndilo lililoniamsha. Nilisimama nikamwuliza, nikirudi, nani atakuwa anasoma barua zangu? Akanijibu kompyuta ni mali ya chuo.

"Kompyuta ni zenu," nikamwambia. "Mimba ilikuwa yangu."

Mlango ulikuwa wazi, na nje wanafunzi walikuwa wamejaa kumtazama yule Mhehe wa majivu. Mmoja akauliza, na zangu je, mmesoma? Mwingine naye akauliza. Binti mmoja akaanza kulia, sijui yeye alikuwa ameandika nini. Kuanzia siku ile hakuna aliyegusa kompyuta, kazi zote tukapeleka kwa mkono, na walimu wakachoka kusoma miandiko yetu mibaya. Mwishowe uongozi ukakubali kwamba barua ya mtu haifunguliwi mpaka mwenyewe aitwe na aelezwe sababu. Fundi akaondolewa kwenye kazi ile. Nikarudi, nikahitimu.

Mtaniuliza kama nimesamehe. Najaribu, lakini bado. Hakuna hata mmoja wao aliyeniambia pole.

Namshukuru mtani wangu, Mungu amtunze. Nawashukuru ninyi mlioendelea kugonga mlango wangu wakati sifungui. Mama mkwe wangu yupo pale nyuma, alikuja mwenyewe kuniomba radhi, naye namshukuru. Ninyi vijana mnaokwenda vyuoni, mkipewa neno la siri ulizeni kwanza nani mwingine analo, na msione aibu kuuliza. Na wewe uliyeshika mambo ya watu, uwe mwalimu, karani au mhasibu wa kikundi, kukabidhiwa si kuruhusiwa kuchungulia.

Habari ya mimba yangu wengi wenu mliisikia bombani. Leo mmeisikia kwangu, kwa mdomo wangu, kwa sababu nimetaka mimi.