Bahari Mkono wa Kulia

Ilikuwa Alhamisi, siku ya nne ya Mfungo Sita, mwaka 1301 wa Hijra, saa kumi za alasiri, Haji alipoteremka pwani ya Bagamoyo peke yake. Walikuwa wameondoka wawili, yeye na Ausi, kwenda kuchochea makaa katika meli ya moshi. Alirudi mmoja, na kofia ya mwenzake mkononi. Muhidini muuza kahawa, baba yake Ausi, aliiona ile kofia kabla hajauona uso wa aliyeishika, akaweka chini dele lake la kahawa. Matanga yakakaliwa, hitima ikasomwa. Lakini ile swala anayoswaliwa mtu aliyefia mbali, mzee aliizuia. "Sijajua mwanangu kalazwa wapi wala kaelekezwa wapi," alimwambia mwalimu wa msikiti. "Nikijua, tutaswali." Na kila alipotaka kumwuliza Haji, aliishia kumwuliza kama amekula. Siku matanga yalipoondolewa alibeba dele lake mpaka mahali pake pa siku zote, barazani kwa Bwana Nasser, kando ya njia ya wapagazi. Haji alikuwa amekaa pale. Na watu wa baraza, kwa kumwonea haya mfiwa, hawakuuliza habari za kifo. Waliuliza habari za nchi.

— Shikamoo, mzee Muhidini. Mungu akupe subira, alisema Seleman. Walimwita Nahodha, kwa kuwa alivuka mara moja kwenda Unguja akatapika njia nzima.

— Marahaba. Amina.

Akawamiminia kahawa. Bwana Nasser, mwenye nyumba, akasogeza sahani ya halua.

— Haya Haji, alisema Nahodha, hiyo Australia mlifuata nini, na nyinyi watu wa makaa?

— Meli iliharibika, tukaachwa. Tukapata kazi kwa Mzungu mmoja wa gazeti. Nchi ilikuwa karibu kuchagua wakubwa wake. Wameigawa majimbo, na kila jimbo hutoa mtu wake aende kwenye baraza lao kubwa. Basi yule bwana akizunguka majimbo ya mashamba, moja baada ya jingine, anaandika: hili lina watu gani, wanaishi kwa nini, wanalilia nini, na nani anautaka ukubwa. Mimi nikipika, Ausi akiendesha gari la farasi.

Jina lilipotajwa, Muhidini alimjazia Haji kikombe kisichokuwa kitupu.

— Wanachagua wakubwa! alisema Mwinjuma, ambaye methali kwake zilikuwa kama mvua, zikimnyeshea yeyote. Basi wamekwisha. Mchagua jembe si mkulima!

— Hapo haiingii hiyo, alisema Bwana Nasser.

— Itaingia tu, Bwana. Ngoja aendelee.

Haji akaendelea.

— Jimbo la kwanza ni la kondoo. Unatoka asubuhi nyumbani kwa mtu, jua linatua bado umo katika ardhi yake. Jimbo moja hilo, chukua hapa mpaka Vigwaza, upite Lugoba, uende zako, bado mpaka wake hujauona. Watu wachache. Kondoo sasa! Ukiwaona kwa mbali utadhani wingu limeshuka kulala.

— Subhanallah, alisema Bwana Nasser taratibu.

— Kilio chao ni maji. Kila anayetaka ukubwa huja na kisima mdomoni.

— Mimi nimeshaelewa, alisema Nahodha. Watu wachache, kondoo wengi: kondoo ndio wanaochagua. Mtu anapita mbele yao, wakimfuata, huyo ndiye.

— Na akipita mbwa?

— Basi mbwa ndiye mkubwa, Bwana Nasser. Haijapata kutokea duniani?

Walicheka, kisha wakamkumbuka mfiwa, wakainamia vikombe vyao. Muhidini alikuwa hacheki wala hakasiriki. Alikuwa akisafiri moyoni. Alikaa nyuma ya lile gari la farasi, akitazama mgongo wa mwanawe. Hapa si kwake, aliwaza. Kwenye kondoo hakulazwa.

— La pili, alisema Haji, ni la machimbo. Watu wanaingia ardhini asubuhi kama siafu, wanatoka jioni macho tu ndiyo meupe. Wao wanalilia reli. Na huko ndiko nilikofahamu uchaguzi wenyewe. Mtu anapewa karatasi yenye majina. Anakwenda pembeni peke yake, anayakata kwa kalamu majina asiyoyataka, anaikunja, anaitia sandukuni. Hakuna ajuaye kamkata nani.

Vikombe vyote vilisimama hewani.

— Hata mkubwa mwenyewe hajui? aliuliza Nahodha.

— Hajui.

— Kamkata mchana, alisema Bwana Nasser, na jioni wakikutana anampa salamu?

— Anampa, na anaitikiwa.

— Siri ya mtungi aijuaye kata, alisema Mwinjuma. Ilikuwa imeingia hasa, mpaka mwenyewe akashtuka.

— Karatasi gani hiyo! alisema Nahodha. Hiyo ni azima ya mganga. Wakikukata jina, huko uliko tumbo linasokota. Wanazama ardhini kwenda kuitia dawa. Ndiyo maana wakubwa wao wana nyuso nyekundu, wanakatwa majina mchana na usiku.

— Na la tatu? aliuliza Muhidini.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aitikie salamu. Haji aliinamisha uso.

— La tatu ni la miwa, baba. Liko pwani, na jua huchomoza baharini. Joto kama hapa hapa, na mikoko. Ausi aliposikia harufu ya tope la mikoko alisimamisha farasi, akacheka peke yake. Wakata miwa ni watu walioletwa kutoka visiwa vya mbali, weusi kama sisi. Wao karatasi hawapewi.

— Kumbe, alisema Bwana Nasser.

— Bwana wa gazeti alikuwa na swali lake, kila mtu humwuliza: wewe unataka nini? Siku hiyo, kwa mzaha, akamwuliza Ausi. Ausi akasema, "Nataka mtu wa kumbebea baba yangu dele. Mwenyewe ukitaka kumsaidia, anakufukuza." Yule bwana akaandika.

— Aliandika kweli?

— Nilimwona, baba. Halafu homa ikamshika Ausi, haikumwachia. Nilimwosha mimi. Kilemba changu ndiyo sanda yake. Watu wa miwa walinisaidia kuchimba, na nilipokuwa nikimswalia walivua kofia wakasimama, ingawa dini si yao.

Pembeni ya baraza alikuwa ameketi mgeni, Rajabu, mkulima wa Kiwangwa, aliyetua mzigo wake wa muhogo ili anywe kahawa. Hakujua mfiwa ni nani.

— Samahanini, wazee wangu. Huyo marehemu mlimwelekeza wapi?

— Kama kwetu, alisema Haji. Bahari mkono wa kulia.

Muhidini alishusha pumzi aliyoibeba tangu Alhamisi ile. Alhamdulillahi. Mtoto yeyote wa Bagamoyo anayefundishwa kuswali huambiwa hivyo: ipe bahari mkono wa kulia, umeshaelekea kibla. Ausi mwenyewe alifundishwa hivyo, kwa mkono wa baba yake begani.

Rajabu alikuna kidevu.

— Sisi wa Kiwangwa bahari hatuioni, ndiyo maana nauliza. Huko, Makka iko upande gani?

Bwana Nasser aliinama, akachora vumbini kwa kidole: Makka hapa. Bagamoyo hapa chini yake. Bara Hindi kule. Na ile Australia ya Haji mbali kabisa, mguuni kwa Rajabu. Kutoka Bagamoyo alipiga mstari, ukapanda moja kwa moja mpaka Makka. Akaweka kidole mguuni kwa Rajabu, akaanza mstari wa pili, akauacha njiani. Wote walikwishaona. Mtu wa huko akielekea Makka, bahari inabaki mgongoni kwake, si mkono wa kulia.

— Baba, alisema Haji. Sikujua. Nilifanya tulivyofundishwa.

Muhidini aliutazama ule mstari ulioachwa njiani.

— Ulimlaza kama angelazwa hapa, kando ya mama yake, alisema. Mungu aliyemwona akicheka kwenye mikoko hashindwi kumwona alivyolala. Kibla cha huko hatukijui, mwanangu. Cha hapa tunakijua. Inukeni tutie udhu, tumswalie.

Aliliinua dele. Lilikuwa jepesi, kahawa imekwisha. Akasimama nalo kidogo, kisha akamnyoshea Haji.

— Nibebee hili.

Haji alilipokea kwa mikono miwili.

Wakasimama safu moja, mgeni wa Kiwangwa pamoja nao, bahari mkono wa kulia. Na baada ya takbira, mzee aliomba kwa sauti ndogo:

Ewe Mola, msamehe Ausi, mwana wa Muhidini, na umrehemu. Alikuwa mgeni kwa watu, mfanye mwenyeji kwako. Mgeuze uso kwenye kibla Wewe, kwa kuwa sisi hatukujua. Na kaburi lake lipanue, liwe pana kuliko ile nchi ya kondoo aliyoipita. Amina.