Mzee Ndolo, Aliyewangojea Wageni Mutomo

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi mliopanda basi tangu alfajiri kuja kulia nasi, familia inawasomea maisha ya Mzee Ndolo Kisilu, na mkitaka kucheka chekeni, kwa maana yeye matanga ya kununa hakuyapenda hata kidogo.

Alizaliwa Aprili 1938 hapa Mutomo, mtoto wa tatu wa marehemu Kisilu Nzuki, akasoma shule ya hapa hadi 1954, na jioni alitumwa kuchunga mbuzi, ingawa rika lake wanasema mbuzi zilijichunga zenyewe, mchungaji akiwa juu ya mwamba anaangalia nchi.

Mwaka wa 1961 aliandikwa kazi katika hoteli ya chai huko Sultan Hamud, karibu na reli, ambako aliona watalii wenye kamera shingoni wakishuka kunywa soda, wakielekea kuona wanyama, akajiuliza, watu hawa wamevuka bahari kumtazama twiga, sasa Mutomo imekosa nini, na kule kiangazi kikikaza, hata mbuzi hana cha kutafuna, miti isiyo na jani hata moja huchanua maua mekundu kilima kizima? Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu maishani, mtu aje Mutomo kutazama, asiletwe na ugonjwa, wala biashara, wala uhamisho wa serikali.

Alirudi nyumbani 1967, na mwaka uliofuata akampenda Nzilani, binti ya Mutiso wa Kikima, akapeleka mbuzi za ntheo, za posa, kama desturi yetu Wakamba inavyotaka, zikapokelewa vizuri. Desemba wazee wa Kikima wakaja kuona boma la mkwe, wamechoka, wana njaa, na mkwe mwingine yeyote angewakalisha kivulini awaletee muthokoi na nyama, lakini Ndolo, lo, aliwapeleka moja kwa moja mlimani na viatu vyao vya kanisa, ati wawahi kabla jua halijashuka! Mzee Mutiso aliteremka soli ya kiatu ikining'inia, akakuta chakula kimepoa, akatangaza mbele ya watu wote kwamba binti yake hawezi kuacha ukungu na miwa ya Kikima aje kuolewa na mawe, mbuzi zirudishwe. Nzilani, aliyekuja pamoja nao, ndiye aliyesimama, akasema mawe ameyaona, na mwenye mawe amemwona, na wote wamempendeza, basi harusi ikafanyika tarehe 12 Aprili 1969, na Mungu akawajalia watoto wanne, Kavata akiwa kifungua mimba.

Mwaka wa 1971 alifungua hoteli yake hapa sokoni, yenye vyumba vya kulala, na hakuna mgeni aliyelala humo bila kubembelezwa apande mlima. Jamaa za wagonjwa waliomba radhi, madereva waliomba radhi, na Bwana Mursal Hared, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Garissa, aliomba radhi kwa miaka ishirini, akisema, "Mzee, macho yangu mimi ni ya mbuzi, mawe tutaona siku ingine." Soko zima lilimwita Bwana Mtalii, na ukame wa 1984 ulipowafanya wengi wafunge maduka, yeye alipaka hoteli rangi.

Moyo ulianza kumsumbua 1995, akalazwa katika hospitali ya misheni hapa Mutomo Agosti 1996. Jumamosi tarehe 14 Septemba Bwana Mursal alifika bila lori, na mkewe Arbaco na watoto waliovalishwa kama siku ya Idi, akasema leo hanunui mbuzi, wamekuja kuona maua. Mama Nzilani akawapandisha, na Mzee, aliponyimwa viatu na nesi, akaomba kitanda kisukumwe dirishani, akaiona shali ya Arbaco kule juu ikipepea, jamani, akacheka mpaka wodi nzima ikacheka, hata bwana mmoja mwenye nyuzi mpya tumboni, amejishika ubavu. Jioni akamwambia mama, "Nzilani, wamekuja bure tu! Hakuna aliyewatuma." Alfajiri ya Jumatatu tarehe 16 alituacha, uso wake ukiwa umetulia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea maji na kuni, na wenzake wote wa hoteli za hapa sokoni.

Pumzika sasa, Baba, wageni tutawapokea sisi.