Laptop ya Mwalimu Jenifa Imebarikiwa

Ndani ya gari la kwenda Mpui, Asajile, bwana shamba mgeni kutoka Mbeya, alitaka kusinzia. Lakini kwenye kiti cha mbele yake mwalimu Jenifa alikuwa akimmwagia ya moyoni mama aliyeketi naye, ambaye alikuwa ametoka tu kumwamkia.

"Laptop mpya, mama! Haijakaa hata mwezi, kioo kimejaa mistari. Naipeleka dukani, wananiambia waranti haihusu iliyoingia maji."

"Kwani uliiloweka?"

"Ilibarikiwa! Mama yangu aliiona ile mistari, akaibeba kanisani siku ya kubariki mbegu. Akaiweka juu ya mahindi. Padri akanyunyizia vyote, tena bila uchoyo."

Asajile, Mmoravian, akafumba macho. Maji hayo hayakuwa ya kanisa lake.

"Si ungesema ni mvua?"

"Mvua nayo si maji, mama? Nimewaeleza mistari ilitangulia, maji yakafuata. Fundi wao mwenyewe Mkatoliki! Kusikia ni maji ya baraka, akapiga ishara ya msalaba, halafu akaandika: imeingia maji."

Gari likasimama. Jenifa akashuka na laptop yake kwapani.

"Na zile mbegu, mwalimu?" mama akauliza dirishani.

"Zimeota zote!" akafoka.