Bamba Ambalo Patasi Hakulikwangua

Tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 6 Mei 1959, mtoto wa nne wa fundi viatu na mkunga. Jina la Patasi alilipata kazini, na likamkaa hata mkewe akalizoea.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1973, kisha chuo cha ufundi miaka miwili. Mwenyewe alikiri kwamba hesabu zilimshinda, ila bomba halikuwahi kumshinda.

Mwaka 1981 aliajiriwa katika kituo cha kuzalisha vifaranga wa samaki, kazi yake kukwangua kome, viumbe wa gamba wanaoota ndani ya mabomba ya maji ya bahari. Kome wakiziba bomba, vifaranga wanakufa. Ukiwaua kome kwa dawa, vifaranga wanakufa vilevile. Basi alikwangua kwa mkono miaka thelathini na minane.

Tarehe 14 Agosti 1986 alifunga ndoa na mpishi wa kituo, aliyemkubali kwa sharti kwamba aoge kwanza. Walijaliwa binti mmoja, akasomea vijidudu vya baharini. Mwaka 2018 binti huyo alileta jaribio kituoni: kupaka mabamba ya chuma bakteria wasiodhuru, watande juu yake, ili kome wakija wakute nafasi imeshachukuliwa.

"Miaka yote nimekwangua uchafu," baba akamwambia, "leo unataka niufuge?" Lakini aliyafunga mabamba hayo kwa mikono yake.

Yalitakiwa yakae majini siku tisini bila kuguswa. Asubuhi ya ukaguzi, 9 Machi 2019, Patasi alitangulia kuchungulia. Kwenye bamba lililopakwa, kome walikuwa wameshika. Alijua jaribio likishindwa mwanawe amekwisha, na mkono ukaifuata patasi. Wakaguzi walikuta chuma kinang'aa, wakapiga makofi. Binti akamkumbatia. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilifika mwisho pale mkurugenzi wa kituo aliposhika kalamu kuidhinisha mabomba yote yapakwe. Patasi alisimama.

"Mwanangu, nisamehe. Nimelikwangua mimi."

Jaribio lilifutwa. Binti hakumsemesha baba yake miezi saba, na kuingia nyumbani kwa kaka kuliuma. Siku alipokuja, hata kuketi hakuketi. Aliuliza kome walikuwa wameshika wapi, maana hakuna mwingine aliyewaona. Baba akakumbuka: walianzia kwenye matundu ya skrubu, ambako bakteria hawakupakwa. Binti akavuta kiti.

Kituo kilichukua miaka mitano kukubali kujaribu tena. Mabamba mapya, yaliyopakwa mpaka ndani ya matundu, yalizamishwa tarehe 12 Juni 2024, wakati saratani ya kongosho imeshamlaza Patasi kitandani. Kila asubuhi aliuliza kama kuna mtu ameyagusa. Alifariki tarehe 8 Septemba, saa nne asubuhi, siku mbili kabla ya ukaguzi.

Ukaguzi umefanyika leo kabla ya kuja hapa. Bamba la kulinganishia, ambalo halikupakwa, lina kome mia mbili na kumi na wawili. Lililopakwa lina wanne, na binti amewaandika wote wanne.

Ameacha mjane, binti, wajukuu wawili, na dada yake anayewasomea haya.

Kaka, hakuna aliyeligusa. Pumzika kwa amani.