Efrazia na Nyumba Aliyoiruka

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mama Efrazia Rubeni, mkulima wa mboga kwenye bonde lililo chini ya Rangwi, milimani Usambara. Mama Efrazia alifariki Jumanne iliyopita. Jamaa zake wametuomba tuseme yote, hata yanayouma, kwa kuwa mwenyewe aliagiza hivyo.

Turudi mwaka 1963. Bonde lile linanyweshwa na ndiva, bwawa dogo linalokusanya maji usiku kucha. Anayelifungua asubuhi sharti apige ukelele bondeni, angoje kuitikiwa, ndipo azibue. Siku hiyo zamu ilikuwa ya jirani yao Silvano. Alikuwa na haraka ya kuwahi gulio la Mlola. Aliita mara moja tu. Hakungoja jibu. Paskalina, binti wa Efrazia, miaka minane, alikuwa ndani ya mfereji akiosha viazi.

Walimkuta chini kabisa, kwenye mawe.

Padre alimsihi Efrazia asamehe. Mwanawe Danieli anakumbuka jibu: "Mama alisema, 'Baba, mdomo utatamka, lakini moyo haupo. Nimdanganye Mungu?'" Tangu hapo, kanisani, sala ya Baba Yetu ilipofika kwenye kusamehe waliotukosea, Efrazia alinyamaza. Wenzake waliendelea, yeye aliwangoja mbele. Miaka kumi na mmoja, wasikilizaji. Mimi siwezi kumcheka. Wangapi kati yetu tunayasema maneno yale kama kasuku?

Ikaja njaa ya mwaka 1974. Kijiji kilikuwa cha ujamaa, na Efrazia alikuwa balozi wa nyumba kumi. Unga wa njano ulipoletwa, yeye ndiye aliyeita majina. Akaita nyumba tisa. Nyumba ya Silvano hakuiita. Nasema tena, hakuiita. Silvano alikuwa amesimama palepale na debe tupu. Hakuuliza kitu. Toka mtoto yule afe, hakuwahi kuinua sauti mbele ya Efrazia.

Mgao wa pili, vilevile. Wa tatu, Silvano hakuja.

"Fungu lake lilikaa ndani kwetu," anasema Danieli. "Hatukulila. Tuliliogopa."

Aliyevunja ukimya ni jirani yao Mwajuma. Alisimama mlangoni, akasema, "Mama Danieli, mimi si wa dini yako, sikufundishi. Ila mtu anakufa pale, na unga wake unao wewe."

Efrazia akapika uji, akaubeba mwenyewe. Mlango ulifunguliwa na Esta, binti wa Silvano, miaka kumi na mitano, amebaki mifupa. Akaamkia, "Shikamoo, mama." Efrazia alisimama analia.

Silvano alikuwa kitandani. Akauliza, "Umekuja kunitazama ninavyokufa?"

"Nimekuja kukuomba radhi. Nilikuruka makusudi. Na ya Paskalina nimekusamehe."

Silvano aliupokea uji. Alikunywa mafunda mawili, akageukia ukuta. Kesho yake alikufa.

Makaburini Efrazia aliomba kusema. Watu walidhani atatoa pole. Akasema, "Huyu aliua kwa haraka. Mimi nimeua huku najua." Siku hiyohiyo akauacha ubalozi. Wapo waliomwambia amejitesa bure, njaa iliua wengi. Hakukubali, na mimi naona alikuwa na haki ya kukataa.

Mwezi uliofuata Esta aliteremka Mazinde, hakurudi tena. Efrazia alimfuata huko mara nne. Aliulizia barabarani, akaulizia sokoni. Hakumpata. Akaishi miaka mitano mingine, hadi Jumanne hiyo iliyopita, msamaha alioutaka hajausikia.

Danieli, Mama Mwajuma, na ndugu wote wa Rangwi, poleni sana. Bwana ampumzishe mama yetu. Nasi tunaosikiliza, kila mmoja ajiulize ni nyumba ipi anairuka, na kama wenyewe bado wako hai, asingoje kesho.

Mwisho, neno hili ni la mtu mmoja. Esta binti Silvano, popote ulipo, marehemu aliacha ujumbe kwako. Anakuomba umsamehe. Lakini alikataza watu wakubembeleze. Alisema yeye alibembelezwa miaka kumi na mmoja, na anajua kulivyo. Ukiweza, njoo. Usipoweza, Danieli analipalilia shamba la baba yako, na ni lako.