Kutu Chini ya Vani ya Akiteng

Benchi letu liko Malaba, upande wa Kenya, mbele ya banda la kuchomelea vyuma. Foleni ya malori yanayosubiri kuvuka inapita karibu sana, unaweza kumsalimia dereva bila kuinuka. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu za lori. Asubuhi, mama wa kahawa anapotua birika lake, sisi huwa tumeshafika: Oriokot, zamani dereva wa masafa marefu, tunayemwita Spika kwa sababu hakuna hoja inayopita bila yeye, Bwire mwenye banda, tunayemwita Moto, na mimi, niliyezeekea kwenye makaratasi ya mizigo mpakani, ndiyo maana naitwa Muhuri.

Siku hiyo Akiteng alisimamisha vani yake mbele yetu. Kazi yake ni kubeba watoto wa shule kutoka upande wa Kocholia. Vani yenyewe ilitumika Japani kabla ya kuletwa huku, na kwa juu inang'aa utadhani imetoka kiwandani jana. Kesho yake alitakiwa kupeleka kwaya ya shule Kakamega, kwenye mashindano ya muziki. Alitwambia kwamba kila akipita kwenye tuta anasikia mlio huko nyuma, na pale anapoegesha nyumbani anakuta vumbi jekundu, kama magamba. Akamwomba Moto aangalie.

Moto alisema amalize kahawa kwanza. Basi benchi likapata kazi.

Nilianza mimi. Nikasema ni chumvi ya bahari, gari lilikaa melini wiki nyingi likipigwa na upepo. Spika akanikatalia. Alisema Japani kuna sehemu za barafu, na barafu ikianguka wanamwaga chumvi barabarani ili magari yasiteleze, kisha chumvi hiyo inarukia chini ya gari na kukaa huko. Kama angeishia hapo angekuwa amesema kweli tupu. Lakini Spika haishii. Akaongeza kwamba mwenye gari wa kwanza lazima alikuwa muuza samaki, na kwamba yeye hata sasa anaisikia harufu. Moto naye akasema tusiwasingizie Wajapani, mvua inayotoka Uganda inakula chuma kuliko ile ya Mundika, huku kwetu Kenya, kwa sababu inavuka mpaka bila kukaguliwa.

Tulicheka. Akiteng hakucheka. Alisimama na ufunguo mkononi, akasubiri tunyamaze.

— Wazee wangu, alisema, kuna mtu yeyote hapo ashalala chini ya hii gari akaangalia?

Hakuna aliyekuwa amelala. Hata yeye mwenyewe alisema alipoinunua aliangalia injini, viti na redio. Chini aliona rangi nyeusi mpya, akafurahi kwamba imetunzwa.

Moto akaweka kikombe chini. Waliinua vani kwa jeki, wakaiegemeza juu ya magogo mazito, na Spika, kwa sababu ndiye mwembamba, akaingia chini kwa mgongo na bisibisi. Tulimsikia akigonga chuma. Kwanza sauti ilikuwa kali, ya chuma kizima. Alipofika karibu na gurudumu la nyuma, ikawa butu, kama anagonga kuni iliyooza. Kisha akaacha kugonga.

— Moto, alisema, bisibisi imeingia yote.

Ile rangi nyeusi ilikuwa imepakwa juu ya kutu. Chini yake, pale unapofungwa mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu, chuma kilikuwa kimebaki ngozi tu. Moto alikiminya kwa vidole, kikabomoka. Bomba la breki lililopita hapo nalo lilikuwa limeanza kuliwa.

Akiteng alikaa kwenye benchi letu, mahali pangu. Mama wa kahawa alimpa kikombe, akakishika bila kunywa.

— Jana watoto walikuwa wanaimba huko nyuma, alisema polepole. Na mimi nakanyaga mafuta.

Nilimwona Spika akijifuta mikono, na macho yake yamejaa maji. Alienda kando akampigia simu shemeji yake wa Matayos mwenye vani, akamsihi awabebe watoto kesho yake. Shemeji alikubali, na alipofika kabla jua halijatua tulimlaza Spika chini ya vani yake pia, tukagonga kila mahali. Ilikuwa nzima. Kwaya ikaenda Kakamega, Akiteng akiwa nao kwenye kiti cha mbele.

Ya kwake ilibaki kwa Moto. Alikata chuma kibovu chote hadi akafika kwenye kizuri, akachomelea kipya, fundi wa breki akabadilisha bomba. Tuliosha chini kwa maji ya nguvu tukaliacha gari likauke kabisa juani, maana kupaka rangi juu ya unyevu ni kufungia ugonjwa ndani. Ndipo ikaja rangi ya kuzuia kutu, na juu yake ile nzito nyeusi. Vitundu vya kutolea maji Moto aliviacha wazi. Alimwambia Akiteng aoshe chini kila mara baada ya matope, na asingoje mlio ndipo alete gari.

Jumamosi tukiwa kahawani, akaja mama mmoja tusiyemjua, amebeba kuku. Alijitambulisha kwa jina la Roselida, wa Kocholia. Wajukuu wake wawili hupanda vani ya Akiteng. Alitutazama mmoja mmoja.

— Nimetumwa na moyo wangu tu, alisema. Sasa ni nani kati yenu nimshukuru?

Moto alimtazama Spika, Spika akanitazama mimi, mimi nikasema ni Akiteng aliyetuuliza. Spika akafungua mdomo, akaufunga. Watu wa kubishana asubuhi nzima, sasa tunasukumiana shukrani. Roselida akamwekea mama wa kahawa kuku miguuni ili atupikie sote, akatushika mikono sote kwa zamu, ya Spika kwa mikono yake miwili, akaenda zake kutafuta boda ya kumrudisha nyumbani.