Oydinoy, Aliyeitwa Shemeji na Mwanawe

Ndugu na majirani wa Terek-Bashi, mimi ni Burul, binti wa marehemu. Nimepewa kazi ya kumsimulia mama yetu, Oydinoy binti Yuldash, kabla hatujampeleka makaburini.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Mei 1951 mjini Uzgen, mtoto wa tatu wa mwoka mikate Yuldash na mkewe Hosiyat. Alisoma shule ya mtaani kwao, kisha akahitimu ualimu wa hisabati mjini Osh mwaka 1972. Chuoni alikutana na baba yetu, marehemu Turdubek, kijana wa milimani. Walioana Septemba mwaka huohuo, akamleta hapa, kijiji ambamo kila mtu ni binamu wa mwenzake. Yeye hakuwa binamu wa yeyote.

Wanawake walimwita "yule wa bondeni." Walimwigiza alivyotamka maneno, wakaicheka pilau yake. "Karoti zote hizi, dada, unalisha sungura?" Akawajibu, "Sungura si ndio hao wanaokomba sinia?"

Tarehe 9 Machi 1974 alimzaa kaka yangu Jirgal. Kwetu mtoto wa kwanza hulelewa na wazazi wa mume, kama mtoto wao wenyewe. Arobaini ilipotimia, bibi yetu Kalipa alikuja na blanketi.

"Wewe bado kijana," alimwambia akimfunga mtoto. "Utazaa wengine."

"Mama, huyu nimemzaa mimi."

"Nani amekataa? Umemzaa wewe, mimi namlea. Kwani huko kwenu hamna desturi?"

Baba alikaa akitazama viatu vyake. Tangu siku hiyo mama akawa anavuka mfereji kwenda kumnyonyesha mwanawe kwenye nyumba ya mwingine. Bibi alikaa pembeni akisubiri. "Ameshiba? Haya, nipe mwanangu."

Jirgal alimwita bibi "mama". Baba yetu naye, Jirgal alimjua kama kaka yake mkubwa, na mke wa kaka ni shemeji. Basi nyumbani alimwita mama yetu shemeji, na shuleni alimwita mwalimu. Mama hakuuficha wivu wake. Bibi akimshonea mtoto kofia, yeye alishona nyingine nzuri zaidi. Jirgal akashinda na ile ya bibi kichwani. Siku aliyoongoza darasa, kwa mtihani ambao mama mwenyewe ndiye aliyeusahihisha, alitoka mbio na karatasi yake akamkuta amesimama mlangoni.

"Shemeji, nipishe! Nampelekea mama!"

Jioni hiyo mama alikanda unga kwa nguvu hadi meza ikahama.

Mimi nilizaliwa mwaka 1977, na hakuna aliyekuja kunichukua. Mama alinisuka nywele huku macho yake yako dirishani, ng'ambo ya mfereji. Nilikuwa nikimwonea kaka yangu kijicho, na leo mbele yenu bado namwonea.

Mama alifundisha hapa hadi alipostaafu mwaka 2009. Wengi mnaonisikiliza mlijifunza kugawanya kwake.

Bibi alifariki mwaka 1998. Mwaka 2001 Meerim, mke wa Jirgal, alijifungua binti, mtoto wao wa kwanza. Wanawake walewale wakamweka mtoto kwenye mapaja ya mama. "Haya, ni zamu yako. Chukua wako." Meerim aliinamisha kichwa. Mama alimkumbatia mtoto, akamnusa shingo, kwa muda mrefu.

"Mrudishieni mama yake," akasema.

"Utavunja desturi, wewe!"

"Si mnasema sisi wa bondeni hatuna?"

Tulipofika nyumbani alilia. Nikadhani ni furaha. "Namwonea wivu yule msichana," akaniambia. "Mimi hakuna aliyenirudishia."

Mwaka 2022 moyo ulianza kumsumbua, na Oktoba ya mwaka uliofuata alilazwa mjini Naryn. Muuguzi alimzuia Jirgal mlangoni. "Wanaingia watoto wake tu. Wewe ni nani wake?" Kaka yangu, mtu mzima mwenye mvi, alianza, "Mimi ni..."

"Huyo ni kifungua mimba wangu," mama akasema kutoka kitandani. "Mpishe."

Jirgal akakaa, akamshika mkono. "Shemeji, umeamkaje?" Kisha akashtuka. "Samahani, nilitaka kusema..."

"Acha, mwanangu. Mdomoni mwako hata hilo ni tamu."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo na bakuli la supu. Nimemwita mama tangu nijue kusema, na hakuwahi kuniambia kuwa neno langu ni tamu.

Alifariki alfajiri ya tarehe 17 Oktoba 2023, sote wawili tukiwa naye.

Ameacha mwanawe wa kwanza, Jirgal. Binti yake, Burul. Mkwewe Meerim, na wajukuu watano. Nilitamani sana kujitaja wa kwanza, kwa kuwa mimi ndiye niliyelelewa naye. Nimemtaja yeye kwanza, kama mama alivyomtaja, na imeniuma.

Mungu ampokee mama yetu na ampe pumziko la amani.